Kuhifadhi Mahindi Mpaka Mavuno Mengine

Wasomaji wa gazeti letu, katika toleo hili Chama cha Kilimo cha shule kimeniomba nieleze habari ya kuhifadhi mahindi. Labda wengine watasema, "Habari hiyo ni ya wazee, si ya wanafunzi." La, ni yetu pia. Chakula cha mchana tunachokula hapa shuleni hutokana na mahindi na maharage yanayochangwa na wazazi wetu baada ya mavuno, nacho hakina budi kukaa ghalani miezi mingi. Mahindi yakiharibika mwezi wa Septemba, hatupati mengine mpaka mvua zinyeshe na shamba lizae tena. Na nyumbani ni vivyo hivyo.

Sisi wa Kidahwe twakaa penye njia panda. Barabara moja yaenda Kasulu, ya pili Uvinza, na ya tatu yaenda Kigoma na ziwani. Kila mwaka baada ya mavuno twaona malori yaliyopakia magunia ya mahindi yakielekea mjini. Baadhi ya magunia hayo yameuzwa mapema, bei ikiwa chini, si kwa sababu mwenyewe ana chakula tele, bali kwa sababu ameogopa dumuzi. Miezi michache baadaye, wakati wa kupanda, mtu yule yule huenda sokoni kununua unga kwa bei kubwa kuliko ile aliyouzia. Basi ajuaye kuhifadhi hupata faida mbili: hula chakula chake mwenyewe, na akitaka kuuza, huuza siku aipendayo yeye.

Wahenga walisema, "Akiba haiozi." Methali hii ni njema, lakini mwenye mahindi yampasa kuiongezea maneno mawili: ikiwa kavu. Katika maelezo yangu nitajaribu kuonyesha kwamba usalama wa mahindi hauanzii ghalani. Huanzia shambani na uani, katika mambo tunayoyafanya kabla mahindi hayajaingia ghalani. Ghala, liwe kihenge cha fito au pipa la chuma, hulinda kile tu ulichokitia ndani. Ukitia mahindi makavu na safi, hulinda mahindi. Ukitia maji na wadudu, hulinda maji na wadudu.

PUNJE YA HINDI INA UHAI

Darasani twafundishwa kwamba kila chenye uhai hupumua. Punje ya hindi nayo ina uhai, maana tukiipanda huota. Ikiwa kavu sana hupumua kidogo mno, ni kama mtu aliyelala. Lakini ikiwa bado ina maji mengi, hupumua kwa nguvu: hutumia hewa ya oksijeni, hula wanga wake yenyewe, kisha hutoa hewa ya ukaa, maji na joto. Ukitia mkono katikati ya gunia la mahindi yasiyokauka utalisikia joto hilo. Joto na maji huamsha kuvu, na kuvu nayo hupumua na kuongeza joto na maji. Ndiyo maana gunia bichi huzidi kuwa bichi hata kama halikunyeshewa hata tone moja la mvua.

Wataalamu wa kilimo hushauri kwamba mahindi ya kuwekwa muda mrefu yasiwe na maji zaidi ya sehemu 13 katika kila sehemu 100 za uzito wake. Haya tufanye hesabu kidogo. Tuseme baba amevuna mahindi, akayapukuchua na kupata kilo 100, nayo yana maji sehemu 20 katika 100. Maana yake katika zile kilo 100 mna kilo 20 za maji na kilo 80 za nafaka kavu. Ili maji yawe sehemu 13 tu katika 100, zile kilo 80 lazima ziwe sehemu 87 za uzito wote. Gawa 80 kwa 87, zidisha kwa 100, nawe utapata kilo 92. Basi kilo 8 za maji, yaani lita 8, lazima zitoke katika gunia moja. Hiyo ni karibu nusu ya ndoo kubwa ya maji. Nani kati yetu angekubali kumimina nusu ndoo ya maji juu ya gunia la chakula, kisha akalifunga? Lakini anayefunga mahindi kabla hayajakauka hufanya jambo lilo hilo, ila hayaoni maji hayo kwa macho.

Mama zetu wanaoanika dagaa Kibirizi walijua jambo hili zamani. Dagaa aliyekauka vizuri husafiri mpaka mikoa ya mbali bila kuharibika. Dagaa aliyefungwa akiwa na unyevu huoza kabla hajafika. Hindi halina harufu ya kutuonya upesi kama dagaa, na kwa hiyo hutudanganya.

JINSI YA KUANIKA NA KUPIMA

Mvua zetu huanza mwezi wa Oktoba au Novemba na kwisha karibu na Mei. Mara nyingi mahindi hukomaa kabla mvua hazijakoma kabisa, na hapo ndipo ilipo taabu yetu. Mkulima asiyaache shambani muda mrefu baada ya kukomaa, kwa maana wadudu huanza kuyaingia yakiwa bado juu ya bua. Na ayaanike juu ya uchaga, mkeka au turubai, asiyaanike juu ya udongo mtupu. Mbegu za kuvu hukaa udongoni, na unyevu wa ardhi hupanda juu usiku. Jioni mahindi yafunikwe au yaingizwe ndani, na wakati wa mchana yageuzwe mara kwa mara.

Wakati wa kupukuchua, twaona watu wengi wakitia magunzi katika gunia na kulipiga kwa fimbo. Kazi hiyo huenda upesi, lakini punje nyingi huvunjika, na punje iliyovunjika ni mlango wazi kwa kuvu na wadudu. Kupukuchua kwa mkono au kwa mashine iliyorekebishwa vizuri ni bora. Kisha mahindi yapepetwe, na punje zilizovunjika, zilizotobolewa na zenye kuvu zitengwe.

Je, mtu asiye na kipimo atajuaje kama mahindi yamekauka? Wazee huuma punje: ikipasuka kwa mlio ni kavu, ikibonyea bado ni mbichi. Njia hiyo si mbaya, lakini iko nyingine iliyo ya hakika zaidi, nayo yataka chumvi na chupa tu. Sisi hatuna udhuru, maana Uvinza, penye chemchemi za chumvi zilizojulikana tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, ni jirani yetu.

Twaa chupa ya kioo iliyo safi na kavu kabisa, yenye kifuniko. Kausha chumvi juani au katika kikaango mpaka isiwe na unyevu hata kidogo, kisha iache ipoe. Tia mahindi kama robo ya chupa, ongeza vijiko viwili vya chumvi, funga, na utikise kwa dakika mbili au tatu. Iache chupa itulie, kisha tazama kuta zake kwa ndani. Ikiwa chumvi imegandamana na kioo, mahindi yana maji zaidi ya sehemu 15 katika 100, na lazima yarudi juani. Ikiwa chumvi yote imeanguka chini na kioo ni safi, yako chini ya 15. Hata hapo usifanye haraka. Yaanike siku moja au mbili zaidi za jua kali ili yakaribie 13. Kila mwanafunzi aweza kuifanya kazi hii nyumbani, na namwomba kila mmoja aifanye likizo hii mbele ya wazazi wake.

SUMU ISIYOONEKANA

Wengine husema, "Mahindi yakiota kuvu kidogo si neno, tutayaosha, tutayasaga, moto utamaliza yote." Maneno haya ni ya hatari. Ziko kuvu zinazotengeneza sumu iitwayo sumukuvu. Kuvu yenyewe yaweza kuonekana kwa rangi yake ya kijani au manjano, lakini sumu yake haina rangi wala ladha ya kuijulisha, na yaweza kubaki hata pale ambapo kuvu haionekani tena. Joto la chungu cha ugali halitoshi kuiondoa, wala kuyapikia pombe hakuiondoi. Tukimpa ng'ombe anayekamwa mahindi hayo, sumu hurudi kwetu katika maziwa.

Mwaka 2004 katika sehemu za mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hii na 125 walifariki. Mwaka 2016 jambo hilo lilitokea kwetu Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara: watu 68 waliugua, na 20 wakafariki. Wengi wa watu hao wa nchi hizi mbili walikula mahindi yaliyolimwa na kuwekwa majumbani mwao wenyewe. Tena sumu hii ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini. Nayaeleza haya si kwa kutisha mtu, bali ili tujue kwamba kukausha mahindi ni kulinda uhai wa watu, si kulinda mali peke yake. Hindi lenye kuvu lisiliwe, wala lisichanganywe na mazuri ili lisionekane.

FUKUSI NA DUMUZI

Adui wa pili ni wadudu. Fukusi ni yule mdudu mdogo mwenye pua ndefu tumjuaye sote. Jike hutoboa punje, hutaga yai ndani, kisha huziba tundu. Mtoto hukua ndani ya punje akiila, na penye joto hutoka akiwa mdudu kamili baada ya kama wiki 5. Kwa hiyo mahindi yaweza kuonekana mazima, kumbe yamebeba wadudu ndani.

Kwa mfano, tuseme kila fukusi jike huacha majike 25 tu walio hai. Mmoja aliyeingia na gunia atakuwa amezaa 25 baada ya wiki 5, hao watazaa 625 baada ya wiki 10, na hao watazaa 15,625 baada ya wiki 15. Hizi ni hesabu za mfano, lakini zatuonyesha kwa nini gunia lililokuwa zima mwezi wa Juni hutoka vumbi mwezi wa Oktoba.

Dumuzi ni mbaya kuliko fukusi. Asili yake ni Amerika ya Kati. Katika Afrika alijulikana kwanza katika mkoa wa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na yaaminika kwamba aliletwa pamoja na mahindi yaliyotoka ng'ambo. Ni mdudu mdogo wa rangi ya hudhurungi iliyokolea, mwenye umbo la silinda, na kichwa chake kimeinamia chini. Hutoboa hindi likiwa bado katika gunzi, hutoboa makopa ya muhogo, hata mbao za ghala hutoboa. Wataalamu waliopima mahindi Tabora wakati ule waliona kwamba baadhi ya wakulima walipoteza karibu theluthi moja ya uzito wa mahindi yao katika miezi michache. Nafaka husafiri kwa treni na kwa malori, na dumuzi husafiri nayo. Haikumchukua muda mrefu kuenea nchini na katika nchi jirani.

Kuja kwa mdudu huyu kulibadili desturi. Nilimwuliza bibi yangu, "Bibi, kwa nini zamani mliweka mahindi darini juu ya jiko pamoja na maganda yake?" Akanijibu, "Mjukuu wangu, moshi ulikuwa dawa, na ganda lilikuwa nguo ya hindi." Bibi alisema kweli. Moto wa jikoni ulikausha mahindi, moshi uliwachukiza wadudu, na ganda lililofunga vizuri lilimzuia fukusi. Lakini dumuzi hupenda kutoboa kitu kilichokaa imara, na punje zilizoshikamana katika gunzi humpa pa kuegemea. Ndiyo maana baada ya dumuzi kuingia, mabwana shamba walianza kushauri wakulima wapukuchue mahindi na kuyachanganya na dawa, badala ya kuyaweka na magunzi. Wazee hawakukosea; adui ndiye aliyebadilika.

KUMNYIMA MDUDU HEWA

Siku hizi iko njia isiyohitaji dawa yo yote, nayo ni kuyafungia mahindi mahali pasipopitisha hewa. Wadudu waliomo ndani hupumua mpaka oksijeni inakaribia kwisha. Hapo huacha kula na kuzaa, kisha hufa. Mdudu wa ghalani hanywi maji. Maji mengi ya mwili wake huyapata kwa kuvunja chakula kwa msaada wa oksijeni. Akikosa hewa, hukauka.

Mifuko ya kazi hii ijulikanayo sana ni ile ya PICS. Ilitokana na kazi ya Profesa Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, na wenzake, walioanza mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Kamerun wakitafuta njia ya kuokoa kunde. Mfuko una tabaka tatu: mifuko miwili ya plastiki nzito ndani, na kiroba imara nje. Kabla ya kuutumia, jaza hewa kila mfuko wa plastiki, ukaze mdomo na uuminye ili ujue kama una tundu. Tia mahindi yaliyopukuchuliwa katika mfuko wa ndani kabisa, yashindilie ili hewa itoke, sokota mdomo, ukunje na ufunge kwa kamba. Fanya hivyo kwa mfuko wa pili, kisha kwa kiroba. Usiufungue kila wiki kutazama, kwa maana kila ukifungua wawapa wadudu pumzi mpya. Afadhali nyumba iwe na chombo kimoja kidogo cha kuchota kila siku, na mifuko mingine ibaki imefungwa.

Asiyepata mifuko hiyo aweza kutumia dumu la plastiki la lita 20 lenye kifuniko kinachokaza, mradi lioshwe mpaka harufu ya mawese iishe na likaushwe kabisa. Yuko pia awezaye kununua pipa au kihenge cha chuma. Pipa la lita 200 huchukua karibu kilo 150 za mahindi. Lakini chombo kilichowahi kutiwa dawa ya sumu au petroli kisitumike kamwe.

Mwenye kihenge cha chuma asikiweke juani. Mchana bati huwa la moto na usiku hupoa. Unyevu uliomo ndani husafiri kutoka penye joto kwenda penye baridi, na hugeuka matone chini ya kifuniko. Matone hayo huangukia mahindi ya juu, nayo huota kuvu. Kiwekwe kivulini, chini ya paa, juu ya mbao. Na narudia tena: mahindi mabichi yakifungiwa mahali pasipo hewa huchacha na kuharibika. Mfuko mzuri hauwezi kuponya mahindi yasiyokauka.

DAWA, PANYA NA USAFI

Anayetumia dawa ya unga na anunue ile iliyoandikwa kwamba ni ya nafaka, katika duka lenye kibali, na afuate kipimo kilichoandikwa. Dawa za pamba, za mifugo au za mbegu zisichanganywe na chakula kabisa. Viko pia vidonge vinavyotoa gesi. Hivyo ni kwa mafundi waliofundishwa tu, maana gesi ile huua watu waliolala nyumba moja na magunia. Ukikuta mtu amevitia ndani, mwambie kwa heshima avitoe watu kwanza katika nyumba hiyo, kisha amwite bwana shamba.

Panya huzuiwa kwa kuinua kihenge juu ya nguzo zenye urefu wa kama mita 1, kila nguzo ikavikwa bati lenye umbo la faneli lililopinduliwa. Magunia na mifuko ikae juu ya chaga za mbao, mbali kidogo na ukuta. Kabla ya kutia mavuno mapya, ghala lifagiliwe, nyufa zizibwe, na mahindi ya mwaka jana yaliyobaki yasichanganywe na mapya. Wala makopa yasikae karibu nayo. Panya wakitoboa mfuko mara moja, kazi yote ya kuzuia hewa imepotea.

MWISHO

Ndugu wanafunzi, mambo haya yote yamo katika masomo yetu: kupumua ni elimu ya viumbe, unyevu na matone ni fizikia, na kugawa 80 kwa 87 ni hesabu. Tusiyaache daftarini. Wazazi wetu, nawaomba radhi ikiwa nimeonekana kuwafundisha kazi mliyonifundisha ninyi. Mliyonifundisha hayajaharibika: kuvuna kwa wakati, kukausha vizuri, kuchagua punje na kuinua ghala juu ya ardhi. Jipya ni dumuzi, na jipya ni mfuko wa kumnyima hewa.

Tena naomba jambo moja kwa niaba ya wenzangu wote. Msimu ujao, mchango wa mahindi ya shule upimwe kwa chupa ya chumvi pale mlangoni kabla ya kumiminwa pamoja. Gunia moja bichi huharibu mengi makavu, na chungu chetu ni kimoja. Mzazi ambaye mahindi yake hayajakauka asione haya. Turubai la shule lipo, na sisi tuko tayari kumwanikia.